Siku moja Bagamoyo na mama mkwe kutoka Tabora: nini muone, nini muache, na kinyago mkinunuaje

Swali lenyewe, kwa ufupi: dada mmoja wa Kimara hapa Dar kapata mgeni, mama mkwe wake kutoka Tabora. Jumamosi ijayo wana gari lao dogo, watu watano, yeye na mume, mama, na watoto wawili wa miaka 9 na 6. Anataka siku hiyohiyo wapite Makumbusho ya Kijiji pale Kijitonyama, waende Oysterbay kuona wachoraji wa Tingatinga, washuke Mwenge kwenye vinyago, alafu waende Bagamoyo "kuona kila kitu" na warudi kabla ya giza. Mama anataka arudi Tabora na kinyago cha mpingo wa kweli pamoja na mkeka. Anauliza kama hiyo ratiba inawezekana, na atajuaje kama hajauziwa mti wa kawaida uliopakwa kiwi.

Dada yangu, kuendesha inawezekana, kuona ndo haiwezekani. Hapo una vituo vinne, na kila kituo kina kutafuta parking, kumshusha mama, mtoto anataka chooni, mwingine anataka juisi, na kabla hamjaangalia chochote nusu saa imeshaondoka. Mtafika Bagamoyo saa 9 mchana, jua kali, mmechoka, mtanunua kinyago cha kwanza mtakachoonyeshwa ili mradi mmenunua. Hapo ndipo watu wanapopigwa, kiukweli sio kwa sababu wauzaji ni wezi ila kwa sababu mnunuzi anaangalia saa.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, futa vituo vyote vya Dar. Mwenge iko njiani kwako siku yoyote, Makumbusho ya Kijiji mnaweza kwenda Jumapili baada ya ibada na Oysterbay ni jioni moja tu. Jumamosi iwe ya Bagamoyo peke yake, na ndani ya Bagamoyo tengeni lisaa lizima la kukaa na fundi mmoja akiwa kazini, sio kupita tu. Hilo lisaa mliweke katikati ya siku, msiliache mwisho. Mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo.

Kutoka: saa 12 na nusu asubuhi muwe barabarani. Kutoka Kimara msirudi Ubungo, pandeni Mbezi Mwisho mkate Goba, Madale, mtokee Tegeta, alafu Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo. Kutoka katikati ya Dar ni kama kilomita 65 hadi 70 na lami iko poa, tatizo ni vibao vya 50 ambavyo viko vingi kila penye makazi, na askari wa tochi wanajua kabisa ni wapi mtu anajisahau. Mwambie mzee, yaani mumeo, aende taratibu, faini ni elfu 30 kwa kosa na hiyo hela inanunua mkeka.

Bebeni vitambulisho. Maeneo ya serikali mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, na malipo kwa kawaida ni kwa kontroo namba kupitia simu, kwahiyo muwe na salio kwenye simu na sio noti tu mfukoni. Kwa mafundi na kwa kina mama wa mikeka ni kinyume, huko cash ndo inaongea, tena ndogondogo, ukitoa noti ya elfu kumi kwa kitu cha elfu tatu mtazunguka soko zima kutafuta chenji.

Anzeni na Kaole. Iko kama kilomita 5 kusini mwa mji na ni magofu ya nje, hakuna kivuli cha maana ukiondoa miti michache, kwahiyo saa 2 na nusu hadi saa 3 na nusu asubuhi ndo wakati wake. Ni mji wa Waswahili wa zamani, kuanzia karne ya 13, una mabaki ya misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Msipite haraka kwenye yale makaburi yenye nguzo. Waambie watoto waangalie kwenye nguzo zilizobaki watafute vishimo vya mviringo. Humo zilikuwa zimepachikwa bakuli na sahani za kaure kutoka China, maana biashara ya bahari ilikuwa inafika mpaka huko, na vipande vya vyombo vya hivyo mtaviona kwenye kajumba ka makumbusho palepale. Mtoto wa miaka 9 ukimwambia "tafuta shimo la sahani" atazunguka makaburi yote bila kulalamika, ukimwambia "haya ni magofu ya kihistoria" atakuomba simu.

Kitu kingine cha kuangalia Kaole ni bahari, au tuseme kutokuwepo kwake. Mji ule ulikuwa wa bandari, leo kati yenu na maji kuna msitu wa mikoko. Mchanga na tope vilijaa taratibu, vyombo vikashindwa kufika, biashara ikasogea ilipo Bagamoyo ya sasa. Mbuyu mkubwa mtaonyeshwa, na mtaambiwa ukiuzunguka unaongeza siku za kuishi, mzungukeni tu, mama atafurahi. Ila kuna makaburi pale ambayo watu bado wanakuja kufanya dua, kwahiyo mama na wewe muwe na kanga ya kujitanda, watoto wasipande juu ya kuta, na mtu asiokote kigae hata kama kimelala njiani. Ile ni mali ya taifa na kuondoka nacho ni kosa kisheria.

Kabla hamjaingia kwenye mizunguko ya mji, pitieni mahali mtakapokula mchana mkaagize kabisa. Samaki wa kuchoma Bagamoyo ni wa lisaa lizima, wakati mwingine zaidi, na watu wengi wanapoteza ule muda wamekaa wanaangaliana. Agizeni saa 4 kasoro, semeni mnakuja saa 7, lipeni kitu kidogo cha kushikilia, mnaondoka.

Sasa mama. Hapa naomba nikae kidogo kwasababu nadhani hii ndo sehemu ambayo hujaifikiria. Umesema mama ni wa Tabora. Bagamoyo na Tabora ziko kwenye njia moja. Misafara ya karne ya 19 ilikuwa inatoka Ujiji kule ziwani, inapita Unyanyembe, yaani hapohapo Tabora, inashuka mpaka Bagamoyo, na Tabora mpaka pwani ilikuwa kama miezi mitatu kwa miguu. Mpeleke Caravan Serai, pale ndani ya mji, palipokuwa kituo cha misafara, alafu mwache asikilize. Na akisikia kwamba wote waliobeba pembe za ndovu walikuwa watumwa wenye minyororo, basi ujue hiyo ni nusu ya habari. Biashara ya watumwa ilikuwepo, tena mbaya, na watu walipitishwa Bagamoyo kupelekwa Zanzibar. Lakini wapagazi wengi sana walikuwa Wanyamwezi waliokuja kwa hiari yao kwa malipo, ilikuwa ni kazi yenye heshima na yenye sheria zake, kijana wa Kinyamwezi aliyekuwa hajafika pwani alikuwa anaonekana bado mtoto. Mzigo ulikuwa kama kilo 30, na juu yake anabeba chungu chake, mkeka wake wa kulalia na chakula. Walikuwa wanagoma wakionewa, walikuwa wanapatana bei. Muulize mama kama kwao kuna hadithi za mababu waliokwenda pwani, muulize palepale mbele ya watoto. Sijui mtaalamu gani atakayewapa kitu kizuri kuliko hicho.

Baada ya hapo mji mkongwe mnapita kwa miguu, na sitawachosha na kila jengo. Ngome Kongwe ya 1860, Boma la Wajerumani la 1897, nyumba za mawe zenye milango ya kuchonga, nyingine zimetengenezwa, nyingine zinasikitisha. Bagamoyo ndo ilikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani kabla hawajahamia Dar mwaka 1891. Kuna sehemu mtaonyeshwa ya kumbukumbu ya walionyongwa na Wajerumani, na mtu akiwaambia Bushiri alinyongewa hapo, sio kweli, Bushiri alinyongewa Pangani Desemba 1889. Ukitaka kuangalia kitu kimoja tu angalia milango, maana itakusaidia baadaye kwa fundi. Angalia jinsi ua lilivyochimbwa, kama kingo zake ni kali au zimelainika. Mlango wa zamani una mikwaruzo ya patasi ukiukaribia, hauko laini kama wa mashine.

Ufukweni sasa, na hapa kuna kitu cha kupanga mapema, maji. Kwenye pwani yetu wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ufukwe wa Bagamoyo ni bapa, kwahiyo yakipwa yanaenda mbali kabisa. Tafuta jedwali la maji la Jumamosi hiyo kwenye simu. Kama maji yamepwa kati ya saa 5 na saa 7 mna bahati, maana mashua zinakaa kwenye mchanga na mafundi wanaingia chini kuzitengeneza. Kama yamejaa saa hizo, geuzeni ratiba, nendeni misheni ya Wakatoliki kwanza, ufukweni mje baadaye.

Kwenye kazi za mikono watu wakisikia Bagamoyo wanawaza vinyago na picha, na wanapita mashua bila kuangalia, mimi naona hiyo ndo kazi ya mkono ya kwanza kabisa pale. Simameni pembeni, msalimieni fundi, "shikamoo" kama ni mzee, ombeni kuangalia. Mtaona tezo, lile shoka la ubapa linalochongea kuelekea miguuni, fundi anapunguza ubao kidogokidogo, anauweka, anautoa, anapunguza tena, hakuna kipimo cha karatasi, jicho lake ndo rula. Mkiwa na bahati mtaona keke, ile ya kutobolea inayozungushwa kwa upinde na kamba, watoto watashangaa kwamba haina umeme na inatoboa mbao ngumu. Alafu kalafati: kati ya ubao na ubao anasokomeza nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta, anazigonga na patasi butu, tk tk tk, mstari mzima wa mashua, mpaka pakaze. Ile pamba ikilowa inavimba, na ndo inayozuia maji. Chombo kikipakwa sifa, mafuta ya papa, harufu yake mtaijua tu, msiwacheke watoto wakiziba pua. Hapo hakuna cha kununua, ila mkiondoka acheni ya soda, umemsimamisha mtu kazini kwake. Na picha mnaomba kwanza, ufukweni kuna watu hawapendi na wana haki.

Saa 7 mle, mpumzike. Saa 8 jua liko juu, ndo mnaingia kwa fundi, maana pale kuna kivuli na mna pa kukaa.

Kwanza mtofautishe fundi na duka. Mji mkongwe una vyote viwili, wachongaji, wachoraji, watu wa batiki, na wauzaji wa vitu vilivyotoka kwingine. Duka la kuuza sio dhambi, ila bei na maelezo ni tofauti. Ukiingia ukakuta vinyago 20 vya twiga vimefanana mpaka jicho, hivyo vimeletwa na gunia. Kwa fundi sakafuni kuna vipande na unga wa mbao, kuna kazi iliyofika nusu, kuna tupa na patasi zenye mipini iliyochakaa kwa jasho, na msasa uliolika. Muulize "hii ulianza lini?" Fundi anajibu bila kufikiria na anaanza kukuelezea mti ulivyomsumbua. Muuzaji anakwambia "hii kaka ni mpingo orijino".

Mpingo sasa, twende taratibu. Mpingo sio mweusi wote. Kiini ndo cheusi, na ukikichana kinakuwa kama zambarau iliyokolea au kahawia nzito kabla hakijakaa, na nje kuna utepe mwembamba wa njano-nyeupe. Mafundi wengi wanauacha ule utepe mahali kwenye kinyago makusudi, kama nywele au ukingo wa nguo, na ukiuona mpaka kati ya njano na nyeusi unaingia ndani ya mti unafuata umbo lake, hiyo ni alama nzuri. Kilichopakwa kiwi ni cheusi sawasawa kila mahali, hata kwenye mikunjo, na mikunjoni ndo kimezidi kwasababu dawa imejaa humo.

Geuza kinyago uangalie chini. Watu wanapaka mbele, chini wanasahau au wanapaka vibaya. Omba ruhusa ukwaruze kidogo kwa kucha au ncha ya ufunguo palepale chini, fundi mwenye mpingo wa kweli hatakataa, pengine atakupa kisu akwambie kwaruza mwenyewe. Ukikuta weupe, umejua. Lowesha leso nyeupe kidogo usugue, ikitoka nyeusi sana ni rangi, ikitoka kahawia kidogo inaweza kuwa ni polishi tu ya kumalizia, sio ushahidi. Alafu uzito. Mpingo unazama kwenye maji, ni kati ya mbao nzito kabisa, kinyago cha urefu wa kiganja kinakushangaza mkononi. Watoto wape wabebe vyote viwili, cha mpingo na cha mti mwingine wa ukubwa uleule, hawatasahau.

Na kuna kipimo ambacho hakihitaji kugusa: ukubwa. Mpingo ni mti unaokua polepole mno, unachukua miaka 70 mpaka 100 kufika unene wa kuchana mbao, na hata hapo unakuwa mwembamba, umepinda, mara nyingine una tundu ndani. Kwahiyo mtu akikuletea simba mwenye kifua kipana kama tumbo la pipa, mweusi tii, kipande kimoja, bila utepe, ushuku. Ndo maana vinyago vingi vya Kimakonde ni virefu vinavyofuata mti ulivyo, ile mitindo ya watu waliopandana na kushikana ambayo watu wanaiita ujamaa, mti wenyewe unamwelekeza fundi. Ile ya mashetani yenye jicho moja na mdomo umepinda, mtoto wa miaka 6 ataipenda au atalia, hakuna katikati.

Nikuondolee hofu moja, kinyago cha mninga au mti mwingine sio kinyago feki. Kipo kizuri sana. Feki ni pale anapokwambia mpingo na akakutoza bei ya mpingo. Nimeona wageni wanakataa kazi nzuri kabisa ya mninga kwasababu sio nyeusi, wanaenda kununua cheusi kibaya. Angalia mkono wa fundi kwanza, vidole vya kile kinyago, masikio, sehemu ya nyuma ambayo haionekani ukikiweka kabatini. Fundi mvivu anajulikana mgongoni.

Bei: sitakutajia namba maana inategemea ukubwa, siku alizokaa nacho na msimu. Ila utaratibu uko hivi. Kaa kwanza, angalia, uliza siku ngapi. Ukishajua kimemchukua wiki, huwezi kumwambia elfu 10 ukiwa na uso mkavu, na yeye anajua kwamba unajua, kwahiyo hawezi kukurushia bei ya mzungu. Punguziwa kidogo, ni kawaida, lakini sio umekaa lisaa kwenye kivuli chake, watoto wamejaribu patasi yake, alafu unabishana elfu mbili. Na kama hamjapenda kitu semeni tu "ahsante fundi, leo tumejifunza", muache kitu kidogo, hakuna ugomvi.

Kuna shida moja ya mpingo ambayo watu wa Tabora wataijua vizuri, kupasuka. Mti ambao haujakauka vizuri unachongwa hapa pwani penye unyevu, unapelekwa sehemu kavu, unaachia mpasuko kuanzia chini au kichwani. Muulize fundi gogo lilikaa kivulini muda gani kabla hajachonga. Angalia ncha zote mbili kama kuna mistari myembamba kama unywele, na uangalie kama kuna mahali pamejazwa gundi na vumbi la mbao, hilo ni ziba la mpasuko wa zamani. Siku hiyohiyo msikiache garini juani, kwenye dashibodi kinapasuka kabla hamjafika Mapinga. Kifungeni kwenye kanga, kikae chini ya siti. Akifika Tabora mwambie asikiweke dirishani wala karibu na jiko, akiache kwenye ile kanga siku kadhaa akifungue taratibu.

Mkeka. Huu msiununue kwenye duka la vinyago, ulizieni kina mama, au sokoni, kuna nyumba zinasuka barazani na mtu yeyote wa mtaani atawapeleka. Hapa mama mkwe wako ndo mtaalamu kuliko mimi, mwache aongoze, wewe beba pochi. Kwa ajili yako tu: mkeka ni ukili mrefu mmoja, yaani utepe wa majani yaliyosukwa, unashonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana utimie. Kwahiyo udhaifu uko kwenye mshono. Unyanyue juani uangalie, mwanga ukipenya kwenye mstari mrefu mshono umelegea. Pinda kona, ukisikia mvunjiko majani yamekauka kupita kiasi. Lowesha kidole usugue kwenye rangi nyekundu na ya zambarau, hizo ndo zinazotoka kirahisi, rangi ikija kwenye kidole itakuja kwenye shuka. Wa mkindu ni laini zaidi kulalia, wa miyaa ni mgumu na unavumilia kukaliwa na watoto, muulizeni mwenyewe ametumia nini, na mkiomba kuangalia anavyosuka nina uhakika atampa mama ukili ashike.

Batiki na picha sijui kama mtataka, ila kama mkitaka haraka tu: batiki igeuze, ile ya nta rangi na zile nyufanyufa zimepenya pande zote mbili, ikiwa nyuma imefifia ni chapa ya kiwandani. Picha za mtindo wa Tingatinga zinachorwa kwa rangi ya mafuta inayochelewa kukauka, bonyeza pembeni kwa kidole, ikinata usiikunje. Ikishakauka unaiviringisha rangi ikiwa nje, sio ndani. Na tafadhali, ufukweni mkiletewa kitu cha gamba la kasa, bangili au kitana, msishike, ni marufuku. Makombe makubwa ya bahari nayo waachieni, mnyama wake ameuawa ili upate pambo.

Saa 9 na nusu nendeni misheni ya Wakatoliki, upande wa kaskazini wa mji. Nimeiacha mwisho makusudi kwasababu ina miembe mikubwa na kivuli, mama atakuwa amechoka. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868, kuna makumbusho madogo kwenye jengo la zamani la masista, na kuna mnara wa kanisa la zamani ambao mama lazima auone. Mwaka 1873 David Livingstone alifia Chitambo, Zambia ya leo, na wenzake akina Chuma na Susi wakaubeba mwili wake zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani, wakapita Unyanyembe, kwao na mama, wakafika Bagamoyo Februari 1874, na mwili ukalazwa hapo kanisani usiku mmoja kabla ya kuvushwa Zanzibar na kwenda kuzikwa London Aprili mwaka huohuo. Watu wanasimuliwa Livingstone, hawasimuliwi miguu iliyombeba. Nje kuna mbuyu wenye mnyororo uliozama ndani ya gome, mwanamke wa Kifaransa alikuwa anafungia punda wake hapo miaka ya 1890, mti ukakua ukaumeza mnyororo, kimebaki kipande kidogo kinachoning'inia. Watoto watafute wenyewe msiwaonyeshe.

Ukiniuliza kuhusu TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza 1981, ngoma na maigizo pale ni ya uhakika zaidi siku za masomo au wakati wa tamasha lao, Jumamosi ya kawaida mnaweza kukuta kimya, kwahiyo pigeni simu kwanza au mpite tu kwa nje.

Saa 10 na nusu muwe ndani ya gari. Mkichelewa mpaka saa 12 mtakutana na foleni ya Bunju na Tegeta ya watu wanaorudi kutoka fukwe na maharusi, na mzee atakuwa anaendesha gizani kwenye barabara yenye bodaboda zisizo na taa. Mwisho, mama akipanda basi la Tabora mkeka aukunje uende buti, hauna shida, ila kinyago akipakate mwenyewe. Buti la basi siku nzima ni joto la kupasua mpingo wowote, hata ule uliokaa kivulini miaka miwili.